Vitufe Viwili Vilivyolala

Kila kibodi ya kompyuta iliyopo katika ofisi na maduka ya steshenari mjini Bariadi ina vitufe viwili ambavyo mwandishi wa Kiswahili hana haja navyo. Kimoja ni cha herufi Q, kilichokaa pembeni kushoto, chini ya himaya ya kidole kidogo. Cha pili ni cha X, kilichojificha katika safu ya chini. Q huamshwa linapoandikwa jina la Qur'ani kwa heshima yake, au anapotajwa mtu mwenye jina la kigeni. X huamshwa kwa nadra zaidi. Siku nyingine zote vitufe hivyo hulala, na vimelala hivyo nchi nzima tangu mashine za kupigia chapa zilipoingia.

Mji huohuo wa Bariadi una lugha yake ya nyumbani, nayo ina irabu saba. Kiswahili kina tano. Irabu mbili zilizozidi hazina kitufe. Kwa hiyo lugha yenye haja ya vitufe viwili imewekewa kibodi yenye vitufe viwili visivyo na kazi, na wahitaji na wahitajiwa hawajawahi kukutanishwa. Kisa cha kutokutana huko kinapita Unguja na Mombasa, kinafika Tokyo na Mogadishu, ndipo kinaporudi Bariadi. Na watu wa mwambao wanahusika nacho zaidi ya wanavyodhani.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka wa 2012 na kupewa jina la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya tambarare, ya ng'ombe na pamba, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Kisukuma chao kina lahaja kubwa tatu ambazo wasemaji wake huelewana bila ya taabu: Kimunasukuma upande wa magharibi, Jinakiiya upande wa kusini mashariki, na Ginantuzu upande wa kaskazini mashariki, ambako ndiko iliko Bariadi. Majina yenyewe yanafundisha, kwani kiambishi ni kilekile kimoja, kikitamkwa ki- huku, gi- kule, na ji- kwingineko.

Ila kuandika "ki-", "gi-" na "ji-" ni kuandika nusu ya ukweli. Irabu inayosikika katika kiambishi cha Ki- na cha Gi- si i ya Kiswahili. Iko chini yake kidogo, baina ya i na e. Ndugu yake iko baina ya u na o. Mwanaisimu Herman Batibo alipochapisha kwa Kifaransa mwaka wa 1985 uchambuzi wake wa lugha hiyo, aliiita "kesukuma", kwa e, ilhali Waswahili wote huiita Kisukuma, kwa i. Wote wawili wanaandika jina moja la lugha moja. Anayeandika i ameikaribia sauti kutoka juu. Anayeandika e ameikaribia kutoka chini. Na sauti yenyewe imebaki katikati, haina pa kukaa. Zaidi ya hayo, kila moja ya irabu saba huweza kuwa fupi au ndefu, na juu yake kuna toni, ambayo katika Kisukuma ina ada ya kusafiri: toni ya juu iliyo mali ya silabi moja huweza kusikika silabi za mbele yake.

Mambo haya si pambo la wataalamu. Wasukuma ni watu wa ushairi wa kuimbwa. Vyama vyao viwili mashuhuri vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyonasibishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vimekuwa vikishindana kwa vizazi kadhaa. Ushindani hufanyika baada ya mavuno, uwanja mmoja na hadhira mbili, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake kwa ngoma, kwa vituko, na juu ya yote kwa maneno. Mtunzi, ambaye huitwa ningi, hupimwa kwa ukali wa fumbo lake. Msomaji wa pwani hatauona mgeni ushindani huo. Atakumbuka zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, ambapo mashairi yalivuka maji kama mishale. Mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka wa 2010 mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma, nyingi kati yake zikiwa za kilimo. Nyimbo hizo zilikuwa zimehifadhiwa vinywani. Sasa zinahamia katika maandishi, na mlango wa kupitia ni kibodi.

Watu wa pwani waliupita mlango wa namna hiyo kabla ya Wanyantuzu. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo zilikuja na alama tatu za irabu: fatha, kasra na dhuma. Kasra ilibeba i na e kwa pamoja; dhuma ikabeba u na o. Aliyelisoma shairi lililoandikwa hivyo ilimlazimu alijue kabla hajalisoma, au awe na sikio la kumwongoza. Mwaka wa 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapitio ya historia ya uandishi huo na mapendekezo ya kuutengeneza, ili kila sauti ya Kiswahili iwe na alama yake. Irabu zilizokosa pa kukaa katika hati ya Kiarabu zilikuwa mbili. Zinazokosa pa kukaa katika kibodi ya Bariadi ni mbili pia, na mahali penyewe ni palepale: baina ya i na e, baina ya u na o.

Hati za Kilatini zilipokuja, tatizo la i na e liliondoka, yakaja mengine. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya lugha ya Unguja mwaka wa 1870, alishika njia ya tahajia nyepesi: sauti ngeni kwa herufi za Kiingereza ziliandikwa kwa kuunganisha herufi mbili, kama sh, ch na ny, badala ya kubuni herufi mpya. Ng'ombe akapewa ritifaa ili asichanganywe na wengine. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya pamoja, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kwa uamuzi huo, kila mashine iliyofaa kuandikia Kiingereza ilifaa kuandikia Kiswahili siku hiyohiyo, bila ya kuongezwa hata kipande cha chuma. Hiyo ilikuwa faida kubwa, nayo ni mojawapo ya sababu za Kiswahili kusambaa upesi katika ofisi, shule na magazeti hadi vijiji vya bara.

Faida hiyo ililipiwa. Katika Kimvita na Kiamu, paa la nyumba na paa wa mwituni hawatamkwi sawa, kwani p ya huyu wa mwituni hutoka na pumzi. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Tena kuna t ya menoni na t ya ufizini, ambazo washairi wa Mombasa hawakuzichanganya. W. E. Taylor, aliyejifunza ushairi wa Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, alizitia alama tofauti hizo katika maandishi yake ya Kilatini. Tahajia sanifu haikuzichukua, na mashine ya chapa haikuwa na kitufe chake. Leo wasomaji wengi husoma beti za zamani bila ya kujua kwamba kuna vina vilivyokuwa vikigongana vizuri zaidi kuliko vinavyoonekana.

Mashine yenyewe ilizaliwa mbali. Taipureta iliyoingia sokoni Marekani mwaka wa 1874 chini ya jina la Remington, iliyobuniwa na Christopher Latham Sholes wa Milwaukee na wenziwe, ndiyo iliyoleta mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W na E. Mpangilio huo ulifikiriwa kwa Kiingereza. Katika Kiswahili herufi inayoandikwa mara nyingi kuliko zote ni a, nayo imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu. Juu kidogo ya a, chini ya kidole hichohicho, ndipo ilipolala Q.

Kompyuta zilipokuja zilirithi mpangilio huo kama zilivyoukuta. Tanzania ilipata kompyuta yake ya mwanzo katikati ya miaka ya 1960, katika Wizara ya Fedha; lakini mwaka wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na marufuku hiyo ikaja kuondoka miaka ya 1990. Katika muda huo karani wa Bariadi, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Shinyanga, aliendelea na taipureta. Na ni katika muda huohuo, mwaka wa 1983, ambapo huko Japani kilibuniwa kitufe ambacho kinaweza kutusaidia kulielewa tatizo la Ginantuzu kuliko vitabu vingi, ingawa waliokibuni hawakuwa na habari ya lugha hiyo.

Kampuni iliyokibuni ni Topre, iliyoanzishwa Tokyo mwaka wa 1935, ambayo kazi yake kubwa ni kukandamiza vyuma kwa ajili ya vipuri vya magari. Kitufe chake kina vitu vinne. Juu kuna kipande cha plastiki kinachopokea kidole. Chini yake kuna kuba ndogo ya mpira, ambayo hulegea na kubonyea inapolemewa, kisha huinuka tena. Uzito na ulaini anaousikia mwandishi ni wa mpira huo. Ndani ya kuba kuna springi nyembamba yenye umbo la pia, na chini kabisa kuna ubao wenye vipande viwili vya shaba ambavyo havigusani. Baina ya vipande hivyo huhifadhiwa chaji ndogo ya umeme. Springi inapokandamizwa na kuvikaribia, kiasi cha chaji kinachoweza kuhifadhiwa hupanda, na kompyuta hukipima. Wataalamu huita kifaa cha namna hiyo kapasita. Ni sawa na mtu anavyolihisi joto la seredani kabla hajaligusa.

Wazo la kapasita chini ya kitufe halikuwa geni. Kibodi iliyokuja na kompyuta binafsi ya IBM mwaka wa 1981 ililitumia, kwa springi za chuma zenye kupinda. Wala kuba ya mpira haikuwa ngeni. Ndiyo iliyomo katika kibodi za bei nafuu zilizoenea duniani, za Bariadi zikiwemo, ambamo mpira husukuma utando mmoja ugusane na mwingine. Ubunifu wa Japani ulikuwa kuvioza viwili hivyo: ulaini wa mpira na kipimo kisicho na mgusano. Kwa kuwa hakuna shaba inayogusana na shaba, hakuna kutu ya kuharibu mguso, wala mbonyezo mmoja hauhesabiwi mara mbili kama inavyotokea katika vitufe vilivyochoka. Kibodi hizo zilipata sifa kwa watu wanaoandika kutwa nzima. Mwaka wa 2001 Topre ilianza kuziuza kwa jina la Realforce, na baadhi yake zikapewa vitufe vyepesi, vya gramu 30, chini ya kidole kidogo, na vya gramu 45 chini ya vidole vyenye nguvu. Mhandisi aliukumbuka udhaifu wa kidole ambao mpangilio wa 1874 uliusahau.

Lakini somo lenyewe liko katika kipimo. Kitufe cha kawaida kina hali mbili tu: vimegusana au havijagusana. Kitufe cha kapasita hakina mgusano. Kina kiasi, na kiasi hicho hupanda kidogo kidogo katika safari yote ya kidole, ambayo ni kama milimita 4. Kompyuta, hata hivyo, haitaki kiasi; inataka jibu moja, ndiyo au siyo. Basi lazima mtu achague nukta katika safari hiyo na kusema: hapa ndipo herufi inapoandikwa. Nukta hiyo haikuwekwa na shaba wala mpira. Imewekwa na mwanadamu, naye anaweza kuisogeza. Katika miaka ya 2010 kampuni hiyo ilitoa kibodi ambazo mwenye nazo huchagua mwenyewe: milimita 1.5, 2.2 au 3.

Kinywa cha mwanadamu kimeumbwa kwa mfano huo. Ulimi unapotamka i huwa juu; taya ikishuka kidogo kidogo, sauti huteremka mpaka ikawa e, bila ya ngazi wala kizingiti njiani. Safari ni moja, isiyo na mpaka wa asili. Mipaka huwekwa na lugha. Kiarabu cha vitabuni hakikuweka mpaka wowote katika kipande hicho, ndiyo maana kasra moja ilitosha. Kiswahili kiliweka mmoja, kikapata irabu mbili. Ginantuzu iliweka miwili, ikapata tatu. Hakuna katika hao aliyesikia vibaya; kila mmoja amechagua nukta zake. Kosa huanza pale nukta za lugha moja zinapofanywa kuwa kipimo cha lugha nyingine, kisha mashine ikasingiziwa kuwa ndiyo iliyoamua.

Kusingizia mashine ni rahisi, na kwa muda mrefu kulikuwa na ukweli ndani yake. Maandishi ya Kisukuma, yakiwemo ya dini, yameandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama maalumu, kwa kuiga mfano wa Kiswahili. Chuma cha taipureta hakikuruhusu mengi. Lakini wako waliofanya jingine kwa chuma hichohicho. Huko kusini mwa Afrika, tahajia za Kixhosa na Kizulu zilizichukua c, q na x zilizokuwa hazina kazi, zikazipa sauti za kudoya ulimi. Na mwezi Oktoba mwaka wa 1972 Somalia ilipoamua kuiandika lugha yake kwa herufi za Kilatini, ulichaguliwa mfumo usiohitaji herufi yoyote mpya: x ikapewa sauti ya hei nzito iliyomo katika jina la Muhammad, c ikapewa ya aini, na q ikabaki na sauti yake ya kooni. Taipureta zilizokuwepo zikafaa siku hiyo. Vitufe vilivyolala Unguja viliamshwa Mogadishu. Hata hivyo, Wasomali nao hawakuandika yote: toni zao, na baadhi ya tofauti za irabu zao, ziliachiwa sikio la msomaji.

Je, Wanyantuzu wafanye vivyo? Kumpa Q kazi ya irabu kutamshangaza mtoto ambaye shuleni husoma Kiswahili na kisha Kiingereza. Njia nyingine ni herufi zenye alama, mithili ya ɨ na ʉ zenye mkato, au ĭ na ŭ zenye kikombe juu, na hizo zote zimo katika Unicode, mkataba wa herufi za kompyuta ulioanza kuchapishwa mwaka wa 1991. Nyingi ya simu za kugusa hutoa jamaa za herufi mtu akiibonyeza na kuishikilia. Simu hizo nazo zinatumia kapasita, ila springi imeondolewa na mahali pake pameshikwa na kidole chenyewe. Kuchagua baina ya njia hizi ni haki ya wenye lugha, si ya mtu wa Unguja wala wa Dodoma. Linalotakiwa kusemwa waziwazi ni kwamba udhuru wa mashine umekwisha. Kilichobaki ni makubaliano, na makubaliano huhitaji mtu wa kuyaitisha.

Wapenzi wa ushairi wa pwani wana sababu ya kulijali jambo hili. Kibodi ya herufi 26 haikufika Bariadi peke yake; ilifika imeshikwa mkono na Kiswahili Sanifu. Na wao wenyewe wanajua gharama ya beti iliyoandikwa pungufu, kwa kuwa bado wanabishana juu ya neno moja katika miswada ya mababu, kama ni la i au la e, na aliyelijua amekwisha zikwa.

Kijana wa Bariadi anayeuandika leo katika simu wimbo wa ningi aliyeusikia uwanjani hukiweka kidole juu ya i, ilhali irabu iliyo kinywani mwake iko chini kidogo ya hapo. Rafiki yake atakayeupokea ataurekebisha kwa sikio, kwa sababu walikuwa uwanjani pamoja. Mjukuu wake hatakuwa na wa kumuuliza.